Gredi ya 7 Lamu: mtoto abaki alipo au avuke maji?

Mwaka unapoelekea ukingoni na watoto wa Gredi ya 6 wamekwisha kuandika mtihani wao wa KPSEA, mazungumzo ya wazazi wa Lamu, barazani na pale jeti wanapongojea boti, huwa ni ya jambo moja. Mtoto aendelee na Gredi ya 7 katika shule ileile aliyoanzia, ambayo sasa ina sekondari msingi ndani ya ua wake, au ahamishiwe shule nyingine ya serikali inayosifiwa kwa walimu wake? Na kama ni kuhama, ahamie mtaa wa pili, upande wa pili wa kisiwa, au ng'ambo kwa shangazi yake anayekaa Mokowe, upande wa bara? Mimi ni mzazi wa mtoto wa sekondari msingi, nami niliingia katika mazungumzo hayo nikiuliza kama wenzangu: shule ipi ni nzuri? Ilinichukua muda kutambua kwamba swali hilo halina jibu mpaka kwanza mtu aelewe hesabu ya watoto, ya walimu na ya shilingi inavyokwenda, maana hizo tatu zimefungamana, na ndizo zinazoamua mtoto atafundishwa nini na nani.

Wazazi wengi tulisoma chini ya mfumo wa 8-4-4, yaani miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari na 4 ya chuo kikuu, ulioanza mwaka 1985, na ndiyo sababu tunaposikia neno sekondari tunatafuta shule nyingine, lango jingine na sare nyingine. Chini ya mtaala wa umilisi (CBC) wa sasa mpangilio ni tofauti: miaka 2 ya chekechea, 6 ya msingi, 3 ya sekondari msingi yaani Gredi ya 7, 8 na 9, kisha 3 ya sekondari pevu kabla ya chuo. Mpango wa awali ulikuwa Gredi ya 7 iingie katika shule za sekondari zilizokuwapo, na madarasa mapya yalijengwa huko kwa ajili hiyo. Lakini Septemba 2022 Rais aliteua jopo la kuchunguza mageuzi ya elimu, likiongozwa na Profesa Raphael Munavu, na kabla ya mwaka huo kwisha jopo hilo likapendekeza kwamba sekondari msingi iwekwe ndani ya shule za msingi, ili watoto wa miaka 12 wasome karibu na nyumbani. Kundi la kwanza likaingia Gredi ya 7 mwishoni mwa Januari 2023. Walimu wakuu wa shule za msingi walikuwa na majuma machache tu ya kujitayarisha kupokea masomo ya sekondari katika majengo ambayo hayakuwahi kuwa na maabara, huku baadhi ya madarasa yaliyojengwa kwa ajili ya watoto hao yakibaki katika shule ambazo hawakwenda.

Nayaeleza haya kwa sababu lawama nyingi ninazosikia zikielekezwa kwa mwalimu mkuu fulani au kwa bodi ya shule fulani zina asili yake katika uamuzi huo, ambao kwa maoni yangu ulikuwa sahihi kwa umri wa watoto na wa haraka mno kwa hali ya majengo. Shule ya msingi ya zamani ilikuwa na madarasa 8. Shule hiyohiyo sasa ina Gredi ya 1 hadi ya 9, mbali na chekechea, na hivyo darasa la tisa halikuwa na chumba hata pale ambapo idadi ya watoto haikuongezeka. Serikali ilipopanga kujenga madarasa 16,000 nchini kabla ya Gredi ya 9 kuanza Januari 2025, ilikuwa ikiziba pengo hilo la chumba kimoja, na sio kuandaa nafasi kwa watoto walioongezeka.

Kwetu Lamu watoto wameongezeka. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 101,539 katika kaunti nzima, na ile ya mwaka 2019 ikahesabu 143,920. Nyongeza ya watu 42,381 katika miaka kumi si ndogo kwa kaunti ambayo sehemu yake kubwa ni maji, mikoko na msitu. Ukipita Mokowe na Hindi leo utaona wengine walikotua: nyumba mpya zimefuata barabara ya lami iendayo Witu na Garsen, na bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, imevuta watu wa kazi na familia zao. Kisiwani hali ni ya namna nyingine. Mji wa kale, ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, umejaa na hauna pa kutanukia, kwa hiyo vijana wanaooa hujenga Wiyoni, Kashmir, Kandahari na kwingineko pembezoni, na kila asubuhi watoto wao humiminika kuelekea shule ambazo ukuta wake haujasogea tangu wazazi wao walipokuwa wanafunzi humo.

Tena kuna sababu isiyoonekana kwenye sensa. Mtihani wa KCPE wa darasa la nane, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, kwa miaka mingi ulikuwa chujio. Mtoto aliyeanguka, au ambaye mzazi wake hakuwa na karo, aliishia darasa la nane na kwenda baharini au jikoni. Sasa hakuna anayezuiwa kutoka Gredi ya 6 kwenda ya 7, na hilo ni jema kabisa, ila maana yake ni kwamba watoto ambao zamani wangetoweka kwenye rejista sasa wako darasani, wanahitaji dawati, kitabu na mwalimu. Darasa lililojaa wakati mwingine ni dalili ya haki iliyotimizwa nusu.

Hesabu ya vipindi

Sasa nifike kwenye hesabu yenyewe, ambayo ningependa kila mzazi aifanye kwa kidole kabla ya kufunga sanduku la mtoto.

Sekondari msingi ilianza na masomo mengi kupita kiasi, na mwaka 2024 yakapunguzwa kuwa 9: Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Elimu ya Dini, Masomo ya Jamii, Sayansi Jumuishi, Kilimo na Lishe, masomo ya awali ya kiufundi, na Sanaa Bunifu pamoja na michezo. Wiki ina vipindi 40 hivi, kila kimoja dakika 40. Chukua shule yenye darasa moja kwa kila gredi. Gredi tatu mara vipindi 40 ni vipindi 120 kwa wiki. Mwalimu wa sekondari husomea kufundisha masomo mawili, na akibeba vipindi 27 au 28 kwa wiki amebeba vya kutosha, kwa kuwa kuna kusahihisha, kuandaa na kujaza tathmini. Kwa vyovyote utakavyogawanya, kwa vipindi au kwa masomo, shule hiyo inahitaji walimu wasiopungua watano wa sekondari msingi. Ikiwa nao watatu tu, kila mmoja anatakiwa afundishe vipindi 40, yaani asikae hata mara moja tangu Jumatatu hadi Ijumaa, na afundishe masomo ambayo hakuyasomea. Binadamu hawezi. Kinachotokea ni kwamba baadhi ya vipindi havifundishwi, au mwalimu wa historia anaingia kusoma kitabu cha Sayansi Jumuishi kwa sauti mbele ya watoto.

Jambo ambalo halikunijia akilini kabla sijaandika hesabu hii kwenye karatasi ni kwamba vipindi hivyo 120 havibadiliki darasa likiwa na watoto 20 au 80. Shule ndogo ya kijijini inahitaji walimu walewale watano ambao shule ya mjini yenye darasa moja kwa kila gredi inawahitaji. Lakini fedha na walimu hugawanywa kwa kutazama idadi ya watoto. Serikali imepanga kutoa shilingi 15,042 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi. Shule yenye watoto 20 katika kila gredi ina watoto 60, na mgao wake wa mwaka ni shilingi 902,520. Yenye watoto 45 katika kila gredi ina 135, na mgao wake ni 2,030,670. Yenye watoto 80 ina 240, nayo ingepata 3,610,080. Mgao hugawanywa nusu katika muhula wa kwanza, asilimia 30 katika wa pili na 20 katika wa tatu, na kama mzazi yeyote aliyehudhuria mkutano wa shule anavyojua, mara nyingi huchelewa na mara nyingine hufika pungufu.

Hapo ndipo fundo lilipo. Shule ndogo iko karibu, mwalimu anamjua mtoto kwa jina la baba na la babu, lakini haina fedha za kuajiri mwalimu wa ziada wala kununua vifaa vya sayansi. Shule kubwa ina fedha na ina walimu zaidi, lakini mtoto wako ni wa sabini na ngapi katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya arubaini, na zamu yake ya kushika chupa ya maabara haifiki kabla kengele haijalia. Shule inayofaa zaidi kwa hesabu hii ni ile ya katikati, yenye watoto arubaini na kitu katika darasa, na shule za namna hiyo ndizo hasa zinazojaa haraka kwa kuwa sote tunazikimbilia. Kisha kila mtoto anayeondoka katika shule ndogo anaondoka na shilingi zake 15,042, na kumwacha mwenzake aliyebaki katika shule iliyo maskini zaidi kuliko jana. Simlaumu mzazi anayehamisha. Mimi mwenyewe nililiwaza kwa miezi. Nasema tu kwamba uamuzi wa nyumba moja una mkono wake katika nyumba ya jirani, na ingekuwa vyema tuuzungumze kijiji kizima kuliko kila mmoja kumtoa mtoto wake alfajiri kimyakimya.

Kuhusu walimu wenyewe, kuna tofauti ya ajira ambayo mzazi anapaswa kuijua. Wapo walioajiriwa na Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, kwa kudumu. Wapo walimu tarajali wa tume hiyohiyo, ambao walipoanza mwaka 2023 walilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakagoma katikati ya mwaka 2024, na ambao 46,000 kati yao waliingizwa katika ajira ya kudumu mwanzoni mwa mwaka 2025. Na wapo wale tunaowaita walimu wa bodi, wanaolipwa na shule kwa chochote ilicho nacho. Hawa wa mwisho mara nyingi ni vijana wetu wenyewe waliomaliza chuo na wanangoja kuitwa na TSC. Wanajituma sana, lakini siku wanapoitwa kwingine huondoka katikati ya muhula, na mtoto hubaki na daftari lililoishia ukurasa wa ishirini.

Nakumbuka mkutano mmoja wa wazazi katika shule ya kisiwani ambayo sitaitaja. Walikuwa wamezungumza juu ya sare, juu ya choo cha wasichana na juu ya uji, hadi mvuvi mmoja aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango, kofia mkononi, akasimama na kusema, "Mwalimu, uniwie radhi. Mimi nataka kujua Hisabati inasomeshwa na nani, na huyo mtu yuko nasi mpaka lini." Mwalimu mkuu hakukasirika. Alimtuma mtoto ofisini akaletewa ratiba ya vipindi, karatasi kubwa iliyogundishwa kwenye ubao wa mbao laini, akaisimamisha juu ya meza ili sote tuione. Majina ya walimu wa TSC yalikuwa yameandikwa kwa wino. Ya walimu wa bodi yalikuwa kwa kalamu ya risasi, na katika visanduku kadhaa ungeweza kuona kivuli cha jina la zamani lililofutwa chini ya jina jipya. Hisabati ya Gredi ya 8 ilikuwa kwa risasi. Sayansi Jumuishi ya gredi zote tatu ilikuwa kwa wino, jina moja, vipindi vyote. Sijapata kuona maelezo ya hali ya shule yaliyo wazi kuliko karatasi ile, nami tangu siku hiyo naamini kwamba mzazi anayetaka kuchagua shule aombe kwanza kuonyeshwa ratiba ya vipindi, na mambo mengine yafuate.

Maabara nayo niliiona siku hiyo. Ilikuwa beseni la plastiki la samawati chini ya meza ya naibu wa mwalimu mkuu, na ndani yake mlikuwa na bilauri mbili za kupimia, mirija ya majaribio iliyofungwa kwa mpira, karatasi za litimasi ndani ya mfuko wa nailoni kuzizuia zisipate unyevu wa bahari, na mizani ya jikoni. Mwalimu hulibeba beseni hilo darasa hadi darasa. Watoto wa darasa lile, ambao hawakuzidi thelathini, wote walikuwa wamewahi kutumbukiza karatasi katika maji ya ndimu na katika maji ya majivu na kuona rangi ikibadilika. Mwaka huohuo nilimuuliza mtoto wa jamaa yangu aliye katika shule kubwa ya bara yenye chumba kinachoitwa maabara, na akaniambia kwamba wamekiona kupitia dirishani.

Maji, njia na madrasa

Mwongozo wa Wizara unazungumza juu ya umbali kwa kilomita. Kwetu umbali hupimwa kwa maji. Mtoto wa Shela anayesoma Lamu mjini ana mwendo wa kama kilomita tatu kando ya bahari, na maji yakiwa yamekupwa ni matembezi ya dakika arubaini juu ya mchanga. Maji yakijaa, hasa siku za bamvua, mawimbi hugonga kuta na njia hukatika mahali, na mtoto hana budi kupanda boti au kuzunguka. Kwa kuwa saa ya kujaa na kupwa husogea kwa takriban dakika 50 kila siku, mtoto huyo hana ratiba moja ya asubuhi: wiki hii njia iko wazi saa moja, wiki ijayo imefunikwa. Mzazi anayemhamisha mtoto baada ya kupima njia siku moja tu ya maji mafu, yanapojaa kidogo tu, hajapima kitu.

Kuvuka hadi Mokowe ni nusu saa hivi kwa boti ya kawaida, na wakati wa kaskazi ni safari ya raha. Inapovuma kusi, tangu Aprili na kuendelea, bahari huchafuka, na hapo ndipo muhula wa pili unapoangukia. Mtoto wa miaka 12 anayevuka mara mbili kwa siku, miezi hiyo yote, atafika darasani amelowa mara nyingi kuliko unavyotarajia, na nauli yake ya mwaka mzima huenda ikazidi zile shilingi 15,042 ambazo serikali inamlipia. Pigeni hesabu hiyo pia. Kwa kisiwa cha Pate wazo la kwenda na kurudi Lamu kila siku halipo kabisa, kwa sababu njia ya Mkanda haina kina maji yakikupwa na safari ni ya saa kadhaa, kwa hiyo mzazi wa Siyu au Kizingitini anayetafuta shule ya nje anazungumzia mtoto kulala nje.

Hapo kuna njia mbili, bweni au jamaa. Bweni limekuwa na utata. Sekondari msingi ilipokuwa ikianzishwa, Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 9 wasome kutwa, tangazo lililozua mjadala mkubwa, hasa katika sehemu za nchi ambako bweni ndilo linalomwezesha mtoto kusoma. Lamu tunao mfano ulio karibu: katika wadi ya Basuba shule zilifungwa kwa miaka kwa sababu ya ukosefu wa usalama, na baadhi ya watoto wa jamii ya Waboni wakapelekwa Mokowe kusoma wakiwa bweni. Kwa watoto kama hao bweni si anasa. Kwa mtoto mwenye shule inayofanya kazi umbali wa dakika kumi kutoka mlangoni mwa mama yake, naliona kuwa jambo la kufikiriwa mara mbili.

Kumpeleka kwa jamaa ni desturi yetu ya tangu zamani, na wengi wetu tulisoma kwa kulelewa na mjomba au shangazi. Hata hivyo umri wa miaka 12 hadi 15 ndio umri ambao mtoto anabadilika mwili na akili, na ningependa mzazi aende akalale siku mbili katika nyumba hiyo kabla ya kumwacha mtoto humo, aone atalala chumba gani na nani, atateka maji kutoka wapi, na atarudi shuleni kwa njia gani. Nyumba ya jamaa yenye watoto wanane na taa moja haitampa nafasi ya kusoma, hata kama shule iliyo karibu nayo ina walimu wa masomo yote tisa.

Kisha kuna madrasa. Vipindi vya sekondari msingi huisha alasiri, na mtoto wa Lamu huswali, akala chochote na kuingia chuoni, yaani madrasa, hadi karibu na Magharibi. Mtoto anayesoma mbali hukosa sehemu ya kwanza ya darasa la chuo au hukosa lote, na nimewaona wazazi waliogundua jambo hili Machi, walipoitwa na mwalimu wa chuo. Ulizeni pia kama Elimu ya Dini, ambayo ni mojawapo ya yale masomo 9, ina mwalimu wa dini ya mtoto wenu. Katika shule za bara zenye watoto Waislamu na Wakristo pamoja, upande mmoja huenda ukawa hauna mwalimu, na hilo linahusu familia za Hindi na Mpeketoni sawasawa na za Langoni, Lamu mjini.

Alama, karatasi na sheria

Wazazi wengi huhamisha kwa kuogopa mtihani, kwa hiyo inafaa kujua alama zinavyohesabiwa. Kundi la kwanza, ambalo nchini lilikuwa na watoto zaidi ya milioni 1.1, lilifanya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari msingi, mwishoni mwa mwaka 2025 na kuingia Gredi ya 10 Januari 2026. Kwa kundi hilo, KPSEA ya Gredi ya 6 ilichangia asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zikachangia asilimia 20, na KJSEA yenyewe ikachangia asilimia 60. Maana yake kwa anayehama ni kwamba sehemu ya alama za mtoto imo katika kumbukumbu za shule anayoiacha. Uhamisho wa katikati ya mwaka unaweza kuacha tathmini nyuma, na kuzifuatilia baadaye ukiwa ng'ambo ni kazi ya kuchosha, hivyo ukihama, hama mwanzoni mwa mwaka, na uhakikishe kwa macho yako kwamba alama na jina la mtoto vimehamia shule mpya katika mfumo wa Wizara. Cheti cha kuzaliwa kiwe tayari. Hilo nalisema kwa mkazo kwa ajili ya visiwani, ambako watoto wengi huzaliwa nyumbani na cheti hutafutwa siku kinapohitajika.

Alama hizo humpeleka mtoto katika mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari pevu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ule wa sayansi za jamii; au ule wa sanaa na michezo. Mtoto huchagua mkondo kabla hajaondoka Gredi ya 9. Yule aliyekaa miaka mitatu bila mwalimu wa Sayansi Jumuishi hatachagua sayansi, na hakuna atakayeandika popote kwamba ilikuwa kwa sababu ya pengo kwenye ratiba. Watasema hakuipenda.

Kuhusu malipo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iko wazi kwamba shule ya serikali haitozi ada ya masomo, kwamba michango mingine huhitaji idhini ya Waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na kwamba mtoto hawezi kukataliwa kuhudhuria shule kwa sababu mzazi hajaulipa mchango huo. Mwalimu wa bodi hulipwa na michango ya namna hiyo katika shule nyingi, nami nachangia kwa moyo mmoja, kwa kuwa nimeona ile kalamu ya risasi. Lakini mzazi asiyeweza asimfiche mtoto nyumbani kwa aibu.

Na tafadhali tusiende kwa mlango usio wake. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, serikali ya kaunti inasimamia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Sekondari msingi ni ya serikali ya kitaifa. Upungufu wa walimu hupelekwa kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti ndogo, upungufu wa madarasa hupelekwa kwa mkurugenzi wa elimu na kwa kamati ya NG-CDF, mfuko wa serikali ya kitaifa wa maendeleo ya maeneo bunge, na barua ya wazazi arubaini iliyoambatanishwa na ile hesabu ya vipindi 120 ina uzito kuliko malalamiko ya mtu mmoja kwenye mkutano wa siasa. Sisi tuliiandika. Tuliorodhesha kila somo, idadi ya vipindi vyake, na jina la anayelifundisha au nafasi tupu pale asipokuwapo, tukaipeleka Lamu mjini watu watatu kwa mkono.

Mtoto wangu alibaki alipo. Darasa lao lina watoto 31, shule iko dakika saba kwa miguu, chuoni anafika kwa wakati, na Sayansi Jumuishi ina mwalimu aliyeisomea. Masomo ya awali ya kiufundi yalikuwa udhaifu wa shule na bado ni udhaifu, nami jioni za Alhamisi humpeleka kwa fundi wa majahazi ufukweni akashike randa na patasi. Nilipita ofisini mwanzoni mwa muhula huu kuitazama tena ile ratiba. Hisabati ya Gredi ya 8 sasa imeandikwa kwa wino. Visanduku viwili bado ni vya risasi.